Mfupa Mmoja Uani

Mwanamke fundi cherehani alikuwa akitafuta bakuli la mbwa wake mzee. Leo angempeleka kwa dada yake akaishi huko, maana mume wa fundi alishalalamika mpaka basi: "Huyo wako mkorofi, anamwonea mbwa wangu kila siku."

Dirishani akamwona mumewe uani, akitupa mfupa mmoja katikati ya mbwa wote wawili na kumsukuma yule wake kijana.

"Mng'ate! Mwonyeshe nani bwana hapa."

Mbwa mzee akarudi nyuma, mkia kaufyata, sikio limechanika linachuruzika damu.

Mke akatoka mbio, akapiga magoti, akalibana sikio kwa upindo wa gauni.

"Kumbe ni wewe! Na mimi kila ukilalamika nampiga asiye na kosa."

"Mke wangu, nilikuwa natania tu."

Akanyanyuka, akalifungua geti.

"Mchukue wako. Nendeni."