Mwani wa Mwamba Mweusi

Fiachra aliionja bia mpya kama aonjavyo zote zinazopikwa pwani ile ya Kerry: aliinusa kwanza, akapiga funda, akafumba macho. Ladha ya shayiri iliyokaangwa ilipita, ikabaki chumvi.

"Umetia mwani," alisema.

"Huyu mtu na ulimi wake!" mpika bia alicheka. "Haya, taja na ulikovunwa."

"Mwamba Mweusi."

Wanywaji wote baani waliweka glasi zao mezani. Tangu bahari ilipomchukua mdogo wake Fiachra pale mwambani bila kumrudisha, hakuna mwanakijiji aliyevuna huko.

"Nisamehe, kaka. Kwingine mwani uliisha." Mpika bia alinyoosha mkono aichukue glasi.

Fiachra aliikumbatia kwa mikono miwili, povu likamchuruzika vidoleni.

"Niache naye kidogo."