Mtu Asiyenyamaza

Katika chumba cha mafunzo ya mitandao cha mji ule, mtihani wa hatua ya kati ulikuwa na desturi yake. Mwanafunzi alimpigia simu mtu wake kupitia ruta na swichi, visanduku vya kupitisha mawasiliano, alivyovipanga mwenyewe, kisha, mazungumzo yakiendelea, akachomoa waya mkuu kwa mkono wake. Njia ya pili isipoipokea sauti ikapotea, alirudia mafunzo yote.

Mwanafunzi wa siku hiyo, Sikudhani, alimpigia shangazi yake.

"Kwa nini yeye?" aliuliza Mwalimu Kombo.

"Hajui kunyamaza, mwalimu."

Kweli, spika ilijaa habari za kuku wa jirani waliovamia mchicha wa shangazi. "Nikamuuliza, mama wee, hawa kuku wako wamelelewa na nani?" Darasa likacheka. Sikudhani akachomoa waya.

Spika ikawa kimya.

"Kwisha habari yako, dada," alinong'ona Hemedi, mwanafunzi mwenzake. "Urudishe upesi!"

Mwalimu alishika kalamu. "Njia ya pili haikupokea, Sikudhani."

"Imepokea, mwalimu. Subiri."

"Nisubiri nini? Kwani wewe unasikia kitu?"

Sikudhani alikuwa ameiinamia swichi ya pembeni, ya njia ya pili, ile ambayo taa yake ilikuwa imelala tangu asubuhi. Sasa ilikuwa ikiwaka na kuzima, kijani, haraka haraka. Waya aliushika vilevile, ncha yake ikining'inia hewani.

Ndani ya spika, shangazi alifyonza chai ya moto, taratibu, akaweka kikombe chini.