Nyoka wa Shaba

"Nyoka wangu hula moto, hutema machozi," mume wangu Vukoman hupenda kunitegea kitendawili. Jibu ni bomba la shaba la mtambo wetu wa rakija, pombe yetu ya plamu.

Asubuhi ile nilikuwa naliosha uani kwa majivu. Nikapitisha kitambaa ndani kwa waya. Kikatoka na vipande vya kijivu, laini, vinavyokatika kwa ukucha.

Madini ya risasi, sumu tupu. Ndiyo ile ya betri ya trekta, aliyoiyeyusha Vukoman mwaka juzi kuziba ufa wa bomba hili, akajisifu kwa kijiji kizima.

Tangu hapo tumbo linamsokota, na viganja vyake vimelegea hata kijiko hakishiki. Kila asubuhi namnywesha dawa yake mwenyewe: gilasi moja ya rakija.

"Mama watoto!" aliita akicheka kutoka kitanda chake cha dirishani. "Dawa iko wapi? Au umeshaifyonza, mlevi we?"

Gilasi ilikuwa tayari kando yangu. Niliishika, nikaimwaga yote chini.

Kwetu rakija humwagwa ardhini kwa ajili ya marehemu tu.

Kicheko chake kikakatika.

"Mke wangu," akasema polepole, "leo unammwagia nani?"