Kitambaa Begani

Kitambaa kikikaa bega la kulia, mvinyo ni mzuri. Kikishikwa mkononi, una ukali. Kikihamia bega la kushoto, mvinyo si wetu. Baba na binti yake walilikariri somo hilo wiki nzima, kama wanafunzi wanaongoja mtihani wa mwisho.

Msimu wa juzi baba alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala, akagonga kisogo. Alipona kila kitu isipokuwa pua. Waridi na samadi vikawa kwake kitu kimoja, na ladha ikafuata harufu ilikokwenda. Tangu hapo binti ndiye aliyenusa, aliyeonja, aliyeamua pipa lipi lichanganywe na lipi, na nje ya nyumba ile hakuna aliyejua. Binti alijionea haya. Mzee huyu alimlea kwa fimbo na kauli moja: njia ya mwongo ni fupi.

Lakini mnunuzi wa asubuhi hiyo hakuwa wa kuambiwa ukweli. Watu walimwita Bwana Pua. Alinunua tu kwa mtu anayeujua mvinyo wake kama anavyoijua sauti ya mwanawe, na aliyeshindwa mtihani wake hakumwona tena. Mwaka ule hakukuwa na mnunuzi mwingine. Mapipa kumi na manne yalikuwa yamelala ghalani, na mvinyo usio na mwenyewe mwisho wake ni siki.

Aliingia na karani wake, mama mtu mzima, daftari kwapani, mtandio bega la kulia.

"Shikamoo, mama," alisema binti.

"Marahaba, mwanangu. Mikono ikitetemeka hivyo, utaimwaga mali ya baba yako."

Wanaume waliketi kwenye meza ndefu katikati ya mapipa. Binti alisimama nyuma ya mgeni, mahali ambapo baba angemwona. Alimimina glasi ya kwanza, akaivuta harufu yake kwa siri, akaitoa. Karani aliipokea, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, karibu kabisa na uso, kama mtu anayetafuta uchafu kwenye kioo, ndipo akamwekea bwana wake.

Bwana Pua alinusa kwa kituo, macho ameyafumba. Akapiga funda, akasukutua, akatema kwenye ndoo. Kilichosikika ni kalamu ya karani tu, ikigonga jalada la daftari: mara moja, kisha mara mbili.

"Una ukali kidogo mwanzoni," akatamka hatimaye, "lakini mwishoni unatulia. Wewe wasemaje, mzee mwenzangu?"

Kitambaa kilishuka mkononi, kikarudi bega la kulia.

"Ndivyo ulivyo," alijibu baba. "Kama marehemu mke wangu. Alikuwa anakupokea kwa ugomvi, anakuaga kwa tabasamu."

Bwana Pua akacheka. Karani hakucheka. Alikuwa akimtazama binti kuliko alivyolitazama daftari lake.

Glasi ya pili ikapita vivyo hivyo. Kalamu ile, ko, ko, ko, ilimkera binti hata akatamani kuinyakua na kuivunja. Jasho lilikuwa limekilowesha kitambaa.

"Haya, hayo yalikuwa maamkizi," alisema Bwana Pua. "Sasa mtihani. Glasi tatu. Mbili zako, moja ya shamba la mtu mwingine, nimekuja nayo. Niambie ni ipi, nami nisaini. Ukikosea, tutaagana kwa heshima."

Karani alimimina pembeni, nyuma ya bwana wake. Binti akanyoosha mkono kulichukua sinia. Alikuwa ameziwekea tumaini lake lote hatua zile kumi za kulifikisha mezani.

"Acha, binti. Karani ataleta. Wewe tupatie maji ya kusukutulia, yawe baridi."

Binti alimtazama baba. Baba aliitazama meza.

"Nenda, mwanangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuuandaa msiba wake mwenyewe.

Bomba la uani lilitoa maji kwa uchoyo. Jagi lilijaa kidogo kidogo, na kadiri lilivyojaa ndivyo alivyoiona wazi aibu iliyokuwa ikiwasubiri. Akakata shauri. Kama lazima baba aanguke mara ya pili, basi aangushwe na ukweli, utoke kwa mtoto wake, usitoke kwa mgeni. Akarudi mbio, maji yakimwagikia miguuni. Alipofika mlangoni akafumbua kinywa.

"Hii ya tatu," baba alikuwa akisema, ameinua kidevu, "si yangu. Imwageni."

Bwana Pua aliivuta glasi, akainusa, akafumba macho. Kalamu ikagonga mara moja.

Akapiga meza kwa kiganja. "Mzee! Hiyo ndiyo pua! Nakuapia, tumebaki wawili tu duniani. Mapipa yote ni yangu, hata usimwonjeshe mtu mwingine."

Wakainuka kwenda kuyakagua upande wa pili wa ghala, wameshikana mikono kama waliosoma darasa moja.

Binti alibaki mlangoni na jagi lake, kinywa hakijafumbwa. Karani alikuwa akikusanya glasi, amesimama palepale aliposimama binti muda wote wa asubuhi. Mtandio wake ulikuwa bega la kushoto.

Aliurudisha kulia taratibu, akaifunga kalamu.

"Wako hasikii harufu tangu lini, mwanangu?" alinong'ona. "Wangu, huu ni mwaka wa tatu."