Visima Mia

"Vua hicho kitambaa, Kenny. Magazeti yameshatuita vikaragosi."

"Ndiyo maana nimekivaa."

Kenny Hesketh alikaza kilemba chake cha njano na nyeusi juu ya masikio yaliyoiva kwa baridi, akaendelea kuteremka kuelekea uwanjani na mwenzake Alf, mvua ikiwanyeshea, pai ya nyama mkononi. Wiki nzima waandishi kutoka London walikuwa wameuvamia mji wao wa Harsden na swali lao moja: hamwoni aibu, timu yenu kumilikiwa na watawala wa ng'ambo wanaofunga watu midomo?

Kenny aliwajibu wote, mmoja mbele ya kamera. Aibu aliiona mwaka ule timu ilipofilisika, wachezaji wakawa wanafua jezi zao wenyewe nyumbani. Mbona London hawakuja? Sasa mabwana wa mafuta wameinunua timu, nyasi zinang'aa, halafu watu wasiojua hata njia ya kufika Harsden wanakuja kumfundisha aibu. Waende zao!

"Tena nina rafiki kule kule kwa hao wenye timu," aliiambia kamera. "Hajalalamika hata siku moja, labda juu ya beki wa kushoto."

Rafiki mwenyewe aliitwa Birika. Jina lake halisi Kenny hakulijua, wala sura. Kwenye kundi lao la simu picha yake ilikuwa birika la chai, basi. Lakini hakuna mechi aliyoikosa. Alikuwa nao mwanzo mwisho, akinywa chai yake na kumsema refa. Kilemba ni yeye aliyekituma kwa posta. Na ni yeye aliyewatungia wimbo, wenye timu walipomwaga mamilioni ya visima vyao vya mafuta kwa washambuliaji na kusahau ulinzi: *Bwana ana visima mia, beki wa kushoto hana!* Baa nzima ilicheka mpaka machozi.

Tangu siku ya pili ya Krismasi, walipofungwa mabao manne, Birika alikuwa kimya.

"Kanuna," alisema Alf.

"Birika hanuni."

Kenny alikuwa amemwandikia mara nyingi tu bila kujibiwa, na ilimuuma kuliko alivyotaka Alf ajue. Lakini leo mechi ilikuwa inaonyeshwa mpaka kule. Alishapanga na vijana wa ngoma: wimbo utoke baa, uimbwe na uwanja mzima. Popote alipo, Birika ausikie wimbo wake, aache kujificha, arudi kwa wenzake.

Langoni alisimama Bi Doreen Catterall, aliyewapikia chakula cha shule enzi zao, ameshika bango kwa mikono miwili. Picha ya mwanamume mwenye miwani, anacheka, kikombe mkononi. Juu yake jina, IDRIS SABBAH. Chini: MIAKA KUMI NA MMOJA JELA KWA MANENO.

"Bi Doreen, utapata mafua bure. Nani huyu?"

"Si unasoma, mwanangu?"

"Simjui."

"Hata mimi sikumjua."

"Basi! Mtu humjui, mimi simjui, ndiyo tuisusie timu yetu kwa ajili yake?"

"Nani kasema msusie? Nasema mumwulizie tu."

Alf alicheka. "Mwulizie wewe, mama. Sisi tunatafuta pointi tatu."

"Maneno hayamfungi mtu hivi hivi," alisema Kenny. "Lazima katukana. Mimi nawakejeli wenye timu mchana kweupe, na leo nitawakejeli mbele ya dunia nzima. Nani atanishika?"

"Ngoja nikueleze alichofanya..."

Ngoma ililia ndani. Kenny alimwekea nusu ya pai yake kwenye kiganja, maana mama alikuwa anatetemeka. "Baadaye, Bi Doreen. Usiniharibie siku."

Mechi haijachangamka, Kenny alishapanda juu ya kiti. Alianza peke yake, sauti ikikwaruza, Alf akamdakia, ngoma zikafuata, jukwaa likaitikia. Kisha beki wa kushoto akateleza, wakafungwa bao, na hapo uwanja mzima ukalipuka kwa wimbo. *Bwana ana visima mia!* Hata wageni waliimba. Huko juu, kwenye viti vya ngozi, mmoja wa wakubwa wa timu alitabasamu na kupiga makofi.

"Muone!" Kenny alimtikisa Alf. "Muone anavyopiga makofi! Hao ndio wafunga midomo?"

Walisawazisha mwishoni, watu wakakumbatiana wasiojuana. Kenny alitoa simu. Ujumbe ulikuwa umejaa, wa kila mtu, isipokuwa mmoja. Alijiambia huenda kule picha zinachelewa kidogo, akairudisha mfukoni.

Alitoka wa kwanza, koo limekauka, kifua mbele. Bi Doreen alikuwa pale pale, ameloa, makombo ya pai kwenye koti.

"Haya, mama, nimekuja. Umetusikia, sivyo? Tumewaimba mpaka wakatupigia makofi. Sasa niambie, huyo mtu wako alitukana nini?"

"Hakumtukana mtu. Alitunga wimbo."

"Wimbo tu?" Kenny alicheka. "Wimbo gani huo wa miaka kumi na mmoja?"

Bi Doreen alimwashiria nyuma yake kwa kidevu. Nyuma ya Kenny lango lilikuwa limefunguliwa wazi, na umati ulianza kumiminika barabarani, ngoma mbele, maelfu kwa sauti moja:

*Bwana ana visima mia, beki wa kushoto hana!*

"Huo," alisema Bi Doreen.