Kanga Kitini

Baada ya mwaka mzima wodini, Mwanaheri alirudi chuoni akihofia kwamba nafasi yake imekwishachukuliwa. Lakini katika ukumbi wa mihadhara, kanga yake ilikuwa bado imefunika kiti kilekile, namna wanafunzi wanavyowekeana nafasi.

“Hajakikalia mtu, shoga,” alisema rafiki yake, Sauda. “Waliojaribu niliwafukuza kama kuku mpungani.”

Mwanaheri alicheka, akaiondoa kanga, akaketi. Kiti kilikuwa na joto.

Mhadhiri aliingia, akamtazama, akatabasamu.

“Hatimaye umejifunua, binti. Mwaka mzima nimemfundisha mwanafunzi nisiyemwona uso.”

Mwanaheri aliitazama kanga mapajani mwake. Ilikuwa ingali imeshika umbo la kichwa, na taratibu kichwa kile kiligeuka kuuelekea ubao.