Pole na Kazi

Chai ilimfikia Asnath mezani saa nne asubuhi, na wala hakuwa ameiomba. Ilikuwa na tangawizi na sukari ya kutosha, na pembeni andazi la moto limefunikwa kwa karatasi.

"Kunywa, mdogo wangu," alisema Mwanamkuu, jirani yake wa meza. "Pole na kazi."

Asnath aliduwaa. Chai ilikomeshwa pale tangu kampuni ilipopata wenyewe wapya. Zamani, msimu wa tumbaku ukichachamaa, watu walikula sahani moja na kutaniana mpaka jioni. Mtu akipata jambo, harusi au msiba, kosta ya kampuni, lile basi dogo, ilijaa watu wa kumsindikiza. Siku hizi kila mtu na kompyuta yake. Simu unaiacha getini, inafungiwa sandukuni. Watu wanapishana kwenye korido macho mekundu, na shikamoo inajibiwa kwa kidevu. Karani wa stoo alianguka juzi kwa uchovu. Kesho yake alikuwa kazini, maana ilishasemwa kwamba kuna watakaopunguzwa.

"Leo nani kaoa?" Asnath aliuliza, akiinua kikombe.

Mwanamkuu hakucheka. Kwa kawaida hucheka hata kwa kisichochekesha.

Chini ya meza, karibu na miguu ya Asnath, kulikuwa na hotpoti. Alikuwa ameamka alfajiri akapika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaiunga kwa karanga. Mama yake, aliyeletwa kutoka kijijini Puge na kulazwa hospitali ya Kitete, alikuwa anakataa kila chakula. Alitaka michembe tu, tena ya mkono wa Asnath. Mdogo wake, Leonia, ndiye aliyekuwa akilala naye wodini. Asnath mwenyewe hakuwa amemwona mama tangu Jumapili.

Ruhusa aliomba.

"Mgonjwa si ana ndugu wengine?" bosi wao, Revocatus, alimjibu siku ile bila kuinua uso. "Ripoti ya msimu unaijua wewe. Ikienda Dar, nenda."

Basi ripoti ilikuwa iende leo. Akitoka hapo, moja kwa moja Kitete na hotpoti yake.

Lakini watu hawakuwa wale wa jana. Mhasibu, ambaye hajawahi kumsalimia mtu, alisimama mezani kwake, akasema "pole, dada," akaondoka upesi kama aliyesahau jiko linawaka. Mmoja wa wanawake wa mapokezi alimletea maji. Hata mlinzi, Asnath alipokwenda getini mchana kuomba simu yake ampigie Leonia, aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Funguo anazo bosi, dada. Nisamehe."

"Unisamehe nini wewe? Sheria si yako."

Akarudi mezani, akaanza kuunganisha mambo. Asubuhi, kabla ya ile chai, simu ya mezani kwa Revocatus ililia, naye akafunga mlango. Kisha aliwaita ndani mmoja mmoja, wote isipokuwa yeye. Walitoka wakitazama sakafu. Halafu Abdulatifu, dereva, alitumwa mjini, akarudi na mfuko mweusi, pindo la khanga likichungulia, na wanawake wa mapokezi wakauficha haraka chini ya meza.

Khanga, alijiambia. Zawadi ya kuagana.

Kwa hiyo ni mimi.

Alingoja moyo umpasuke. Haukupasuka. Kilichomjia kilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana. Afukuzwe! Atalala yeye wodini, Leonia akapumzike. Atamlisha mama michembe kidogo kidogo, atamsuka nywele, atamsikiliza akilalamika juu ya majirani wa Puge mpaka apone. Miaka yote hii alikuwa akimwambia, "Mama, msimu ukiisha." Na msimu hauishi, ukiisha huu unaanza mwingine.

Akainamia kompyuta, akafanya kazi bila kinyongo. Mara mbili Mwanamkuu alifungua mdomo amwambie kitu. Mara mbili Revocatus alikohoa kutoka mlangoni, na mdomo ukafungwa.

Saa tisa ripoti ilikwenda.

"Imefika?" Revocatus aliuliza.

"Imefika."

Bosi alishusha pumzi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Asnath, pole sana. Kusanya vitu vyako."

"Usijisumbue, bosi, nimeshaelewa," alisema Asnath, na sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mwaka mzima. "Si vibaya. Sasa nitapata nafasi ya kukaa na mama yangu."

Revocatus aligeukia dirishani.

Nje, kosta ya kampuni ilikuwa inanguruma, imejaa. Asnath aliiona akatabasamu, huku amekumbatia hotpoti. Kumbe bado wanajua kumsindikiza mtu.

"Abdulatifu, kaka, nishushe Kitete," alisema.

"Tunakwenda Cheyo, dada," dereva alijibu, akitazama usukani. "Kwako."

Alipanda. Wanawake wote walikuwa wamejifunga khanga juu ya sketi zao za kazi. Kiti kimoja kilikuwa kimeachwa wazi, na juu yake khanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

Mwanamkuu akampokea hotpoti.

"Jifunge, mdogo wangu," alisema. "Leonia yuko kwako tangu saa nne."